Waashi wa Aswan na Mwalimu Aliyerudi Shuleni

Mwaka wa 1941, Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vimefika hadi kwenye mipaka ya Misri, nchi hiyo ilikosa mbao na vyuma vya kujengea. Meli zilizozoea kuleta vitu hivyo kutoka ng'ambo zilipungua, na kidogo kilichopatikana kikawa ghali mno. Wakati huo huo msanifu majengo mmoja wa Cairo, Hassan Fathy, alikuwa amepewa kazi ya kujenga nyumba za shamba mahali paitwapo Bahtim, karibu na mji mkuu. Kuta hazikumsumbua. Udongo ulikuwepo, mabua yalikuwepo, na wakulima wa Misri walikuwa wakijenga kwa tofali bichi tangu zama za Mafarao. Kilichomsumbua ni paa. Paa la kawaida linadai boriti, na boriti hazikuwepo. Fathy akakata shauri kuezeka kwa tofali lenyewe, yaani kujenga paa la tao. Lakini tao, kwa njia aliyofundishwa yeye, hujengwa juu ya kiunzi cha mbao kinacholibeba mpaka likamilike. Na mbao ndizo hasa zilizokosekana. Akawaambia mafundi wajaribu bila kiunzi. Matao yakaporomoka, moja baada ya jingine.

Mtu huyo hakuwa mwanafunzi. Alizaliwa Alexandria mwaka wa 1900, akasoma Cairo, na tangu 1930 alikuwa mwalimu katika chuo cha sanaa cha mji huo. Alijua kuchora na alijua hesabu. Hata hivyo, mbele ya chumba kimoja cha mkulima elimu yake ilifika mwisho wake. Tusimcheke. Shule za usanifu za nyakati zile, Misri kama kwingineko, zilifundisha majengo ya mjini yanayotegemea vifaa vya viwandani. Nyumba ya mwanakijiji haikuhesabiwa kuwa somo. Mwenye shahada alitoka chuoni akijua kujengea watu wachache wenye fedha, wala hakujua kwamba kuna jambo asilolijua.

Msaada ulitoka kwa ndugu yake, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye bwawa la Aswan, kusini kabisa mwa Misri. Huyo alimwarifu kwamba Wanubia wa kule hufunika nyumba zao na misikiti yao kwa matao ya udongo, bila mbao hata moja. Fathy akafunga safari pamoja na wanafunzi wake. Katika kitabu alichoandika baadaye anasema kwamba mji wa Aswan wenyewe ulimvunja moyo, kwa maana hakuona humo ila majengo duni yanayoiga ya mjini. Ni baada ya kuvuka mto Nili na kufika kijiji cha Gharb Aswan ndipo alipoona alichokitafuta: nyumba kwa nyumba, zote za udongo, kila moja na umbo lake, na juu ya vyumba matao yaliyonyooka vizuri.

Hakuishia hapo. Jangwani, ng'ambo ya mji, yako magofu ya monasteri ya Mtakatifu Simeoni, ambamo watawa wa Kikristo waliishi hadi kwenye karne ya 13 hivi. Ghorofa ya chini ni ya mawe, ya juu ni ya tofali bichi, na matao ya tofali hizo bado yanaonekana. Kisha alishuka Luxor, akasimama nyuma ya hekalu la Farao Ramses wa Pili penye maghala ya nafaka. Hayo nayo ni matao ya udongo, na umri wake unapita miaka 3,000. Basi ufundi uliomshinda profesa kule Bahtim ulikuwa umejulikana kwa Mafarao, ukajulikana kwa watawa wa jangwani, na siku hiyo hiyo ulikuwa ukijulikana kwa watu wa kijiji waliokuwa hai.

Napenda kueleza namna kazi yenyewe inavyofanyika, maana bila hilo hatutaona alichojifunza. Mwashi wa Kinubia hujenga kwanza kuta mbili za ubavuni, na ukuta wa tatu wa mwisho wa chumba huupandisha juu kuliko zile mbili. Juu ya ukuta huo mrefu hupaka tope kwa mkono na kuchora mstari wa tao, mwembamba juu na mpana chini, kwa jicho tu, bila kamba wala rula. Tofali za paa si zile za kuta. Ni nyembamba, zina mabua mengi zaidi ili ziwe nyepesi, na zikiwa bado mbichi fundi huzikwaruza kwa vidole vyake mifereji miwili, ili tope lizishike vizuri. Kisha huanza kuzipanga zikiegemea ukuta wa mwisho. Siri iko katika kuegemea. Safu ya kwanza haisimami wima. Imelala kidogo juu ya ukuta, safu ya pili imelala juu ya ya kwanza, na hivyo hivyo. Tofali haliwezi kuteleza kwa sababu lina pa kuegemea na tope limelinasa, na safu ikishakamilika kutoka upande hadi upande inajibeba yenyewe. Kwa sababu ya umbo lile, uzito wote hushuka kuelekea kuta kwa kusukuma tu, na udongo huvumilia sana kusukumwa ingawa hauvumilii kuvutwa. Chombo cha fundi ni tezo. Kwa tezo hiyo huchota tope, hukata tofali, hugonga na kusawazisha.

Mhandisi angehitaji kurasa kadhaa za hesabu ili kulithibitisha umbo hilo. Waashi wa Aswan walilijua kwa mikono. Mmoja wao aliitwa Boghdadi Ahmed Ali. Mwingine, Aladdin Mustafa, alikuja kuwa mwenzi wa Fathy kwa miaka mingi. Walipoitwa Bahtim, mapaa yalisimama. Mwalimu wa chuo akakaa chini ya mwashi na kuuliza maswali. Kwa maoni yangu hilo ndilo tendo kubwa la maisha yake, kubwa kuliko michoro yake yote mizuri, ingawa vitabu vinavyomsifu huonyesha zaidi michoro.

Baada ya vita alipata nafasi ya kufanya kazi kubwa zaidi. Karibu na Luxor, juu ya kilima chenye makaburi ya wakuu wa kale, palikuwa na kijiji cha Gourna. Wakazi wake, wapatao 7,000, walijipatia riziki kwa kiasi fulani kutokana na makaburi hayo: waliongoza wageni, na wengine waliuza vitu walivyovichimba. Idara ya Mambo ya Kale iliamua kuwahamisha, ikampa Fathy kazi ya kuwajengea kijiji kipya bondeni. Kazi ilianza mwaka wa 1945.

Mpango wake wa mafunzo ndio unaotuhusu sisi. Fathy aliona kwamba serikali haiwezi kuajiri wajenzi wa kutosha kwa vijiji vyote vya Misri, na mkulima hana fedha za kulipa kampuni. Njia iliyobaki ni mkulima mwenyewe ajue. Basi alitaka waashi wa Aswan wawe walimu, na majengo ya umma, kama vile msikiti, soko na shule, yawe darasa. Kijana wa kijiji angeanza kwa kazi nyepesi, angepanda ngazi baada ya ngazi, na kufikia wakati wa kujenga nyumba za watu angekuwa tayari fundi, akiijenga ya kwao pamoja na majirani. Hapakuwa na jengo la mafunzo lililotengwa na kazi. Tao alilojifunzia kijana ndilo paa litakalowafunika watu.

Shule ya wavulana ilipata kitu cha ziada. Wamisri wa zamani walikuwa na desturi ya kujenga juu ya nyumba mnara mfupi wenye mdomo uliogeukia upepo, ambao kwa Kiarabu huitwa malqaf. Upepo wa juu, usio na vumbi jingi, hunaswa humo na kushushwa ndani. Fathy aliuweka mnara huo shuleni, na katika njia ya hewa akaweka mkaa uliolowanishwa maji, ili upepo ukipita upoe. Aliandika kwamba joto lilipungua kwa nyuzi 10. Kwa mtoto anayesoma Misri ya Juu mwezi wa tano, nyuzi 10 ndizo zinazopambanua darasa na tanuru.

Na hata hivyo kijiji hakikukamilika. Ofisi za serikali zilichelewesha malipo na hata mabua ya kutengenezea tofali. Fathy analalamika juu ya hayo kurasa nyingi, na huenda ana haki. Lakini sababu ya ndani zaidi ilikuwa kwa watu wa Gourna wenyewe. Wao hawakuomba kuhama. Kuteremka kutoka kilimani kulikuwa kupoteza kazi yao. Wengine walisema pia kwamba kuba ni umbo la kaburi, wala si la nyumba ya mtu aliye hai. Usiku mmoja boma la kuzuia maji lilitobolewa, na maji ya Nili yakaingia katika kijiji kipya. Mwaka wa 1948 kazi ilisimama. Fathy aliwapenda wakulima kwa dhati, lakini alijenga kwa ajili yao makazi yaliyokwisha kuamuliwa na idara ya serikali. Mafunzo mema yaliwekwa ndani ya kuhamishwa kwa nguvu, na watu walikataa yote mawili kwa pamoja. Nusu karne baadaye, kuanzia mwisho wa 2006, matingatinga yalikibomoa kijiji cha kale cha kilimani na watu wakapelekwa kwenye makazi mengine mapya. Safari hiyo hakuna aliyesema habari ya kuwafundisha kujenga.

Miaka ya 1960 ilileta jambo la kushangaza. Mwaka wa 1964, katika kituo cha utafiti wa ujenzi cha Cairo, vilijengwa vyumba vya majaribio ili vilinganishwe. Kimoja kilikuwa cha tofali bichi, chenye kuta za unene wa sentimita 50 na paa la tao na kuba. Kingine cha mabamba ya zege yaliyotoka kiwandani, yenye unene wa sentimita 10. Mwezi wa tatu, siku nzima mchana na usiku, hewa ya ndani ya chumba cha udongo ilibaki kati ya nyuzi 21 na 23. Chumba cha zege kilifika nyuzi 36, yaani nyuzi 9 kupita hewa ya nje! Mtu angepata nafuu kwa kutoka na kusimama juani. Sababu yake si uchawi. Ukuta mnene wa udongo hulipokea joto la mchana polepole, na kabla halijafika ndani usiku umeingia na kulirudisha nje. Bamba jembamba halina subira hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa bati lisilo na dari, kama ajuavyo kila aliyelala chini yake saa nane mchana.

Lakini miaka hiyo hiyo, 1963 na 1964, bwawa kuu jipya la Aswan lilipokuwa likijengwa, Wanubia wa Misri wapatao 50,000 walihamishwa hadi Kom Ombo, wakawekwa katika nyumba za serikali zilizopangwa safu kwa safu. Vijiji vyao vilivyokuwa juu ya bwawa vikazama ziwani. Kwa hiyo, wakati ule ule vipimo vilipoonyesha kwamba waashi walikuwa na haki, sehemu kubwa ya nchi iliyowalea ilikuwa ikifunikwa na maji. Jengo laweza kupimwa na kuchorwa. Mkono unaojua kuchora mstari wa tao bila kamba hauhifadhiwi kwenye makumbusho.

Fathy aliandika habari za Gourna katika kitabu kilichotolewa Cairo mwaka wa 1969. Kwa Kifaransa kinaitwa Construire avec le peuple, na mwenye kukipata akisome, kwani kimeandikwa kwa uchungu na kwa ucheshi pia. Kitabu hicho kilizunguka dunia kuliko nyumba zake. Wanafunzi watatu wa usanifu huko London, John Norton, Allan Cain na Farrokh Afshar, walianzisha mwaka wa 1973 shirika la Development Workshop, wakaenda kufanya kazi pamoja na mzee huyo Misri. Mwaka wa 1980 shirika lao lilipeleka ufundi wa kujenga bila mbao nchini Nijeri. Mwaka huo huo Fathy alipewa tuzo iitwayo Right Livelihood, iliyotolewa kwa mara ya kwanza. Naye, akiwa na miaka 80, aliitwa New Mexico, Marekani, aonyeshe ujenzi wake. Alikwenda na Aladdin Mustafa, maana asingeweza kufundisha bila yeye.

Huko Sahel shida ilikuwa ile ile ya mwaka 1941, ila iliyoisababisha haikuwa vita. Miti ilikuwa inakwisha. Nyumba za zamani zilikuwa na paa la udongo juu ya boriti, na boriti zilipokosekana watu walinunua bati. Bati likadai mbao za kupigiliwa, fedha taslimu, na likaleta joto lisilovumilika. Katika Burkina Faso, mwaka wa 2000, mwashi Mfaransa Thomas Granier na mkulima Séri Youlou walianzisha chama cha La Voûte Nubienne. Hawa, nadhani, walielewa kilichokosekana Gourna. Walipunguza ufundi hadi kiasi ambacho mkulima aweza kukishika. Upana wa tao una kikomo. Kamba iliyovutwa kutoka ukuta hadi ukuta humwongoza anayejifunza badala ya jicho la fundi wa miaka 30. Mafunzo hufanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, na mahali pake ni nyumba ya mteja halisi anayetaka kuhamia humo. Kijana huanza kwa kukanyaga udongo na kubeba tofali, huendelea hadi kupanga, na mwisho husimamia kazi yake mwenyewe na kuwachukua wengine wajifunze kwake. Mvua za kwanza zikinyesha, wote hurudi shambani. Hakuna aliyewahamisha, wala hakuna aliyewakataza bati. Chama hicho kimefanya kazi pia Mali, Senegali, Benin na Ghana.

Katika nchi hiyo hiyo alizaliwa Diébédo Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando. Mwaka wa 1985 alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, na baadaye akasoma usanifu Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alikusanya fedha za kujenga shule kijijini kwao, nayo ikamalizika mwaka wa 2001. Hakufuata tao la Wanubia. Alitumia udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, akaweka dari ya tofali, na juu yake, kwa kuacha nafasi, akainua paa la bati lenye ukingo mpana. Bati huzuia mvua na jua. Upepo hupita kati ya bati na dari na kuondoa joto. Watoto hukaa chini kwenye ubaridi. Wanakijiji ndio walioijenga, na wengine wao walipata hapo ufundi ambao baadaye uliwapatia kazi mahali pengine. Mwaka wa 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu.

Mfano wake unatufaa kuliko ule wa Wanubia, na tuseme hivyo wazi. Tao la udongo ni mtoto wa jangwa. Katika mvua za Bukavu au za Kisangani lingeyeyuka kama halikulindwa kwa uangalifu mkubwa, na anayetaka kulileta huku kwa sababu tu ni zuri angerudia kosa la Gourna kwa namna nyingine. Kinachoweza kusafiri ni ule utaratibu: kuuliza udongo wa mahali una nini, joto linaingia kwa wapi, hewa inatokea wapi, na ni nani hapa tayari anajua kujenga.

Maana kwetu pia wajuzi wapo. Lubumbashi kila kiangazi watu huchimba vichuguu, hukanda udongo wake na kuchoma tofali zinazojulikana kwa ugumu wake. Ni elimu ya kweli, inayopokewa kwa baba, mjomba au jirani. Lakini kila tanuru linakula miti, na msitu ulio karibu na mji unazidi kusogea mbali. Na tofali hizo nzuri zikishapangwa, mara nyingi tunazifunika kwa bati lililolazwa chini, bila dari, na madirisha madogo upande mmoja tu, kisha tunanunua feni. Wakati huo huo, katika misioni nyingi zingali zimesimama nyumba kuukuu zenye kuta nene, dari ya juu, matundu ya hewa chini ya paa na baraza pana inayozuia jua lisiguse ukuta. Zilijengwa na mafundi wa Kikongo pamoja na mabruda. Waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao sasa ni wachache na ni wazee. Kundi la vijana likienda kwa mmoja wao na daftari na utepe wa kupimia, lina maswali ya kumwuliza: kwa nini ukuta huu una unene huu, nani alikufundisha, na wewe ulimfundisha nani.